Mshale wa oili ukishuka: kutafuta tatizo la presha kwenye Datsun 240Z

Malalamiko huja karibu kwa namna moja. Asubuhi gari lilikuwa sawa, likatoka Mukono vizuri, likakwama kwenye foleni ya Jinja Road jua likiwa kali, na mshale wa presha ya oili ukaanza kuteremka kuelekea sifuri. Dereva akaingia gereji ya kwanza aliyoiona. Huko akaambiwa moja kati ya mambo mawili: atie oili nzito zaidi, au injini ifunguliwe. Ushauri wote huo una siku yake. Shida ni kwamba hutolewa kabla mtu yeyote hajapima chochote.

Hapa nazungumzia Datsun 240Z yenye injini ya L24, silinda sita kwa mstari, cc 2,393. Ni gari lenye historia kwetu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally ya 1973 akiwa ndani ya 240Z, na miaka miwili kabla yake Edgar Herrmann alishinda na gari la aina hiyohiyo. Injini iliyovumilia vumbi na matope ya Afrika Mashariki kiasi hicho haifi kwa foleni. Ila sasa ina zaidi ya miaka 50, imepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja aliacha alama yake. Mwenye MGB au Alfa Romeo ya zamani anaweza kufuata njia hii pia, lakini namba nitakazotaja ni za L24.

Kwanza tuelewane jambo moja. Pampu haitengenezi presha, inasukuma oili tu. Presha inatokea pale oili hiyo inapobanwa kupita kwenye nafasi nyembamba kati ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na beringi zake, kisha juu kwenye kamshafti na roka, vinavyofungua vali. Kwa hiyo mshale ukishuka, ama oili inayosukumwa ni kidogo, ama imekuwa nyepesi mno, ama nafasi inakopenyea zimepanuka, ama geji inadanganya. Anza na geji, maana hiyo ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa na wengi.

Namba za kawaida

Injini ikiwa imepata moto kamili, gari limesimama na hujakanyaga mafuta, psi (paundi kwa inchi ya mraba) 10 hadi 20 si ugonjwa. Wengi wanaona 12 wanaingia hofu, wakati injini iko salama. Ukipandisha hadi mizunguko 3,000 kwa dakika unatakiwa kuona kati ya 45 na 60. Vali ya kutolea presha iliyo ndani ya pampu hufunguka kati ya psi 50 na 71, kwa hiyo asubuhi injini ikiwa baridi mshale utapanda hadi hapo na kusimama. Kanuni ya mafundi wa zamani ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Si sheria ya kiwandani, lakini inatosha kukuambia ulale au usilale.

Pima oili ikiwa moto. Namaanisha oili yenyewe, si maji. Mshale wa joto la maji unafika mahali pake mapema, lakini oili huchelewa. Iendeshe nusu saa barabarani ndipo usome. Presha inayopimwa dakika tano baada ya kuwasha haina maana yoyote.

Kijiti, pua na kidole

Chomoa kijiti cha oili gari likiwa sehemu tambarare, si kwenye mteremko wa Kololo. Oili ikiwa chini ya alama, ongeza kisha rudi kupima. Usitafute tatizo jingine kabla ya hapo. Ikiwa juu ya alama, swali si nani alizidisha. Nusa kijiti. Kikinuka petroli, umepata chanzo: petroli inaingia ndani ya oili na kuifanya nyepesi kama maji.

Kwenye L24 petroli ina njia mbili za kufika huko. Ya kwanza ni pampu ya petroli ya kizamani iliyofungwa ubavuni mwa silinda hedi na kusukumwa na kamshafti. Diaframu yake ikipasuka, petroli inashuka moja kwa moja hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ya pili ni kabureta ambayo sindano ya boya lake haifungi, hivyo petroli inafurika, inaingia silinda na kupenya kwenye ringi. Tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe litakupa jibu la haraka: oili safi hubaki imekusanyika, iliyochanganyika na petroli hutambaa haraka na kuacha mviringo mpana mwepesi. Rekebisha chanzo, mwaga oili yote, badilisha filta. Ukibadilisha oili bila kugusa pampu ya petroli utarudi hapohapo, na safari hii beringi zitakuwa zimelipia.

Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe tena. Hilo ni suala la gasketi ya hedi au ufa, na halihusu makala hii.

Sasa uliza ni oili gani imo. Vituo vingi vya mafuta Kampala vimejaa oili nyepesi za 5W-30 na 0W-20, kwa sababu barabara zetu zimejaa magari ya Kijapani ya miaka ya karibuni yanayotaka oili hiyo. Kijana wa kituoni anamimina anachokijua. Kwenye injini ya 1971 yenye nafasi zake pana, 5W-30 ikipata moto kwenye foleni inateremsha mshale bila kuwa na kitu kilichoharibika. 20W-50 ndiyo inayofaa kwa hali yetu ya hewa. Hata asubuhi ya baridi ya Kabale haiwi nzito kiasi cha kudhuru. Injini iliyofungwa upya na kubana vizuri inaweza kwenda na 15W-40. Na usinunue oili ya kupimiwa kutoka kwenye jerikeni, hata muuzaji akiwa shemeji yako. Huwezi kujua kilichomo.

Kwa magari niliyoyaona yakiletwa na lalamiko la presha ndogo, kijiti na chupa ya oili humaliza mengi kabla spana haijatoka kwenye sanduku.

Kuishtaki geji

240Z inatumia geji ya umeme. Kuna sensa imefungwa kwenye bloku upande wa kulia karibu na filta, na waya mmoja unakwenda kwenye dashibodi. Vitu viwili hivyo vina umri wa injini yenyewe.

Dalili za geji mbovu zinatambulika. Mshale unaruka ghafla badala ya kusogea polepole. Unacheza ukiwasha taa kubwa au indiketa; hapo tafuta ethi mbovu nyuma ya dashibodi. Unabaki psi 20 hata ukizima injini na kurudisha swichi. Au umelala sifuri kabisa huku injini inanguruma laini, haina mlio wowote juu ya kamshafti. Injini isiyo na oili kabisa hainyamazi dakika nzima.

Chomoa waya wa sensa, swichi ikiwa imewashwa: mshale ushuke chini. Gusisha waya huo kwenye bloku kwa sekunde moja tu: mshale uende juu hadi mwisho. Usiuache hapo, utaunguza geji. Ikifanya hivyo, waya na geji ni wazima na sensa ndiyo mshukiwa. Isipofanya, fuata waya.

Lakini jaribio linalomaliza ubishi ni kufunga geji ya mkono, ile yenye mrija wa oili, mahali pa sensa. Kila mtu anayemiliki gari la umri huu anatakiwa kuwa nayo. Angalizo kuhusu tredi (meno ya kufungia): tundu la sensa la Nissan ni BSPT ya inchi 1/8, yenye meno 28 kwa inchi. Geji nyingi zinazouzwa soko la Kisekka, Kampala, zinakuja na tredi ya Kimarekani ya ukubwa uleule kwa macho, lakini yenye meno 27. Inaingia raundi mbili tatu kisha inagoma. Makanika mwenye haraka ataongeza nguvu, na hapo umeharibu tredi ya bloku kwa ajili ya jaribio la dakika kumi. Tafuta adapta sahihi, au peleka kwa mkerezaji akuchongee.

Washa, pasha moto, soma. Ikiwa geji ya mkono inaonyesha psi 15 kwenye mizunguko ya chini na 50 kwenye ya juu huku ya dashibodi ikisema sifuri, nunua sensa nyingine uende zako. Kama zote mbili zinakubaliana kwamba presha ni ndogo, endelea kusoma.

Presha nzuri baridi, ndogo ikipata moto

Hii ndiyo hali inayoleta ugomvi mwingi. Asubuhi psi 60, barabarani 45, kwenye foleni 5. Oili umeihakiki, geji ni nzima. Basi nafasi zimepanuka, ama ndani ya pampu ama kwenye beringi.

Ushahidi wa kwanza uko ndani ya filta. Ikate kwa msumeno wa chuma, ufungue karatasi zake kama barua, ukamue oili na uitazame juani. Chembe nyeusi laini ni kaboni, haina neno. Vipande vinavyong'aa kijivu ni metali ya beringi. Rangi ya shaba ni habari mbaya zaidi: tabaka laini la juu limekwisha na kranki sasa inasugua kilichokuwa chini yake. Pitisha sumaku. Kinachoshikwa ni chuma, kinachotoka kwenye kamshafti, roka au cheni. Metali ya beringi haishikwi na sumaku.

Kisha sikiliza. Beringi kuu za kranki zikichoka hutoa mlio mzito wa chini, hasa gari likivuta mlima. Beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) hugonga kwa ukali zaidi, na husikika unapoachia mafuta kwenye mizunguko 2,500 hivi. Toa waya wa plagi moja moja injini ikizunguka: mlio ukibadilika au ukipungua kwenye silinda fulani, konrodi ya silinda hiyo ndiyo inayolia. Gari likifika hapo, zima. Livutwe hadi gereji. Kila kilomita unayoendesha inaongeza bei ya kranki.

Kama hakuna mlio na filta ni safi, pima pampu kwanza. Kwenye L24 pampu imefungwa nje, mbele upande wa kulia chini, kwa boliti nne, wala huhitaji kushusha sampu. Ndani yake kuna rota mbili. Kwa fila (vibao vyembamba vya kupimia nafasi), pima kati ya ncha ya rota ya ndani na ile ya nje: ikizidi mm 0.20 imekwisha. Weka rula ya chuma juu ya uso wa pampu na upime uwazi wa pembeni: kikomo ni kilekile, 0.20. Kati ya rota ya nje na mwili wa pampu kikomo ni 0.5. Tazama pia kifuniko. Kikiwa na mikwaruzo ya mviringo inayoshika ukucha, oili inapita hapo ikirudi ilikotoka.

Pampu ikipita mtihani, lililobaki ni beringi. Sampu ishushwe, kofia moja ya konrodi ifunguliwe, na uzi wa Plastigauge (uzi laini unaobanwa, upana wake ukionyesha nafasi) uwekwe kabla ya kukaza tena kwa torki kamili. Nafasi nzuri ni sehemu chache za mia za milimita. Ikikaribia mm 0.10 usijidanganye, beringi zimekwisha, na kinachobaki ni kujua kama kranki inahitaji kukerezwa kwa 0.25 au inatosha kubadilishiwa beringi tu. Mikito (shingo za kranki zinazokaa ndani ya beringi) ya beringi kuu ni ya mm 55 hivi, ya konrodi mm 50. Mkerezaji apime kila mmoja sehemu mbili, kwa sababu huwa zinaliwa kuwa yai badala ya duara.

Sasa kuhusu dawa za mkato. Kuna jamaa aliyefungiwa pampu kubwa ya L28, ile yenye rota ndefu zaidi iliyotoka kwenye injini za turbo. Presha yake ikapanda kweli, akashangilia. Pampu kubwa ni kitu kizuri kwenye injini nzima inayokimbizwa. Kwenye beringi zilizochoka inakuondolea onyo pekee ulilokuwa nalo, huku chuma kikiendelea kuliana. Vivyo hivyo kuongeza washa (pete ya chuma) nyuma ya springi ya vali ya presha. Vali hiyo haifunguki kabla ya psi 50. Ikiwa presha yako ya foleni ni 5, springi hiyo haihusiki hata kidogo. Fundi anayekupa dawa hiyo hajui anatibu nini.

Presha ndogo wakati wote, baridi na moto

Hapa vali ndiyo mshukiwa wa kwanza, tofauti na hali ya juu. Kipande kidogo cha uchafu, au cha gundi ya gasketi iliyopakwa kama siagi na mtu aliyependa kazi yake mno, kinaikwamisha ikiwa wazi na oili yote inazunguka ndani ya pampu. Fungua nati yake, toa springi na vali, safisha kwa petroli. Vali inatakiwa iteleze kwa uzito wake yenyewe. Ikishikashika, tafuta mkwaruzo.

Cha pili ni chujio la kunyonyea lililo ndani ya sampu. Gundi hiyohiyo, pamoja na tope la oili isiyobadilishwa kwa miaka wakati gari limeegeshwa, huziba wavu. Dalili yake ni ya pekee: presha ni ya kuridhisha mizunguko ya chini, lakini ukikaza barabara ya Masaka inashuka, kwa sababu pampu inataka oili nyingi kuliko inayopita. Ufa kwenye bomba lake, au gasketi yake isiyobana, hunyonya hewa na kufanya mshale utetemeke.

Inashuka kwenye kona au breki

Karibu kila mara ni oili pungufu. Kwenye kona za Kabale oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na chujio linabaki kwenye hewa. Jaza hadi alama ya juu, ujaribu tena. Kama kiwango ni sahihi na bado inashuka, kagua kama sampu imewahi kubondwa na jiwe. Sampu iliyobonyea inaweza kugusa chujio na kuliziba nusu.

Inachelewa kupanda asubuhi

Unawasha, cheni inakwaruza sekunde mbili tatu, kisha kimya na mshale unapanda. Tensheni ya cheni ya L24 inasukumwa na presha ya oili, hivyo inalegea hadi oili ifike. Kosa ni la filta ya bei rahisi isiyo na mpira wa kuzuia oili isirudi. Filta ya injini hii imelala ubavu, na bila mpira huo inamwagika usiku kucha. Badilisha filta.

Presha kubwa kupita kiasi

Nadra, lakini usiifurahie. Psi 90 oili ikiwa moto ina maana vali imekwama ikiwa imefungwa. Filta inaweza kuvimba na sili yake kupasuka, nawe ukamwaga lita nne barabarani bila kujua. Ikiwa ni asubuhi tu, na umetia oili nzito ya lori, hiyo ndiyo sababu.

Presha nzuri, lakini juu panalia

Geji inapima kwenye bloku. Haijui kinachoendelea kwenye kamshafti. Fungua kifuniko cha vali, zungusha injini kwa stata na utazame kama oili inafika kila roka. Kwenye hedi zenye bomba jembamba la kunyunyizia, viungo vyake hulegea na oili ikamwagika kabla ya kufika mwisho. Kamu iliyokaa kavu huonekana: ncha yake inapoteza mng'aro laini na kuwa na michirizi.

Kurudisha pampu

Kazi hii ndiyo inayowaaibisha mafundi wazuri. Ukitoa pampu, shafti yake inatoka nayo, na shafti hiyohiyo ndiyo inayozungusha distributa. Ukirudisha kiholela gari halitawaka, au litawaka likipiga risasi kwenye kabureta, na utaanza kulaumu plagi.

Kabla ya kutoa, zungusha kranki hadi pistoni ya kwanza iwe juu kwenye mkandamizo na alama ya puli ielekee sifuri. Unaporudisha, toa distributa na uchungulie kutoka juu. Ulimi wa shafti unatakiwa ulale kama mishale ya saa, mmoja kwenye 11 na mwingine kwenye 5, na nusu duara ndogo ielekee mbele ya gari. Meno ya gia yamepinda, kwa hiyo shafti inajizungusha kidogo inapopanda. Anza ikiwa imepitiliza kidogo ili imalizie mahali pake. Haikukaa? Shusha, hamisha jino moja, jaribu tena. Usikaze boliti kwa matumaini.

Jaza pampu oili kabla ya kuifunga, na filta pia kadiri itakavyokubali. Gasketi mpya, bila gundi. Kisha toa plagi zote na uzungushe kwa stata, sekunde kumi kwa mkupuo, ukiiacha ipoe katikati. Mshale ukisogea, rudisha plagi, washa, na usikanyage mafuta hadi presha itulie. Usiposogea baada ya mikupuo kadhaa, legeza sensa kwenye bloku na uzungushe tena: oili ikichuruzika hapo, pampu inafanya kazi na geji ndiyo ya kutazama, pakiwa pakavu, shusha pampu na uijaze upya.